Jamaa wa Mkonge Wetu: Jioni Darini Oaxaca

Mtu aliyezaliwa Tanga katika zama ambazo utajiri wa mkoa ule ulipimwa kwa robota za katani, akakua akiona kando ya reli, toka Pongwe hadi Muheza na toka Muheza hadi Korogwe, safu zisizokoma za majani manene yenye mwiba kwenye ncha, akalala usiku na kuamka alfajiri ndani ya harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza mitoni, hawezi kuutazama mmea ule kwa macho ya mgeni. Ameujua kwa kazi yake, ameujua kwa bei yake na kwa jasho la waliokata majani yake, lakini aghalabu hajapata kuuliza nasaba yake. Mimi ni miongoni mwa watu hao. Habari za ukoo wa mmea ule, na za watu waliouenzi karne nyingi kabla haujakanyaga udongo wetu, nilizipata mbali na nyumbani, katika mji wa Oaxaca kusini mwa Meksiko, jioni moja ya mwezi wa Machi, juu ya dari la hoteli niliyofikia pamoja na mpwa wangu, kijana anayesomea kilimo katika nchi ile, ambaye Kihispania chake ndicho kilichonifungulia mazungumzo yote nitakayoyasimulia.

Oaxaca ni mji wa bondeni, ingawa bonde lenyewe limeinuliwa kiasi cha mita 1,550 juu ya bahari na kuzungukwa na milima. Na kwa kuwa ardhi yake haikujaliwa utulivu, zilzala zikiupiga mji kizazi baada ya kizazi, wajenzi wake walishika desturi ya kuta nene na kimo kifupi. Kwa sababu hiyo mtu hahitaji lifti ili afike juu ya mji. Hupanda ngazi za mawe ghorofa mbili tatu, akapita mlango mdogo, na mara mji wote uko mbele yake, naye yuko kwa kimo kile kile cha dari la nyumba ya mawe ya Pangani au ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambapo aliye juu bado husikia kicheko cha mtoto aliye njiani na sauti ya mwuzaji anayenadi bidhaa yake.

Tulipanda jua likiwa limekwisha kulegea. Upande wa kaskazini zilisimama kuba na minara miwili ya kanisa la Santo Domingo, ambalo Wadominika walianza kulijenga katika nusu ya pili ya karne ya 16. Na katika majengo mengi ya pembezoni niliona jiwe lile la nchi, lenye ukijani usiokoza, ambalo mwanga wa jioni huligeuza hali hata likakaribia rangi ya asali. Mijakaranda ilikuwa imechanua, ikamwaga maua ya zambarau juu ya mawe ya barabara. Upande wa magharibi kulikuwa na Monte Albán, mlima ambao Wazapoteki, kiasi cha miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, waliusawazisha kilele wakajenga juu yake mji wa mahekalu na viwanja, na ambako mwaka 1932 mwanachuoni Alfonso Caso alifukua kaburi moja akakuta dhahabu, lulu na feruzi za Wamiksteki waliokuja kuzika wakuu wao humo baada ya mji kuachwa. Jua lilishuka upande huo, na wote tuliokuwa darini, wenyeji na wageni, tulinyamaza kidogo pasipo kuambiana.

Nimepata kuona katika miji mingine ya ulimwengu mabaa ya hotelini yaliyopambwa kwa sura ya Meksiko, kofia pana zikiangikwa ukutani na mipungate ya plastiki ikiwekwa mezani, na mapambo hayo yangaliweza kung'olewa usiku mmoja yakawekwa ya nchi nyingine, wala mnywaji asitambue. Pale Oaxaca kila kitu kilikuwa na kwao. Vyungu vyeusi vilivyobeba mishumaa vilifinyangwa San Bartolo Coyotepec, kijiji kilicho mwendo mfupi kusini mwa mji, ambacho wafinyanzi wake hawavipaki rangi, bali huvisugua kwa jiwe hata vikalainika, kisha huvichoma katika tanuri lililozibwa ili moshi ufanye kazi yake. Mazulia yaliyotandikwa juu ya vibaraza yalifumwa Teotitlán del Valle, na wekundu wake wa damu hutoka katika kidudu kiitwacho kochinili, kinachoishi juu ya mpungate, ambacho watu wa nchi ile walikifuga tangu kale. Wahispania walipokuja wakakipeleka Ulaya kwa wingi, kikawa bidhaa ya pili kwa thamani baada ya fedha ya migodini, na koti za maofisa wa jeshi la Kiingereza zikapata fahari yake kutoka katika vilima vya Oaxaca. Nilikaa juu ya zulia hilo nikiwaza jinsi mali ya nchi inavyoweza kuvuka bahari na kutukuka ugenini, na hali jina la mfugaji wake halikuvuka hata mto wa kijijini kwake.

Nyuma ya meza ya kuhudumia palikuwa na rafu ya mbao iliyopangwa chupa hata dari la kibanda, na kila chupa iliandikwa kwa mkono mambo matatu: kijiji, mtengenezaji, na mmea. Aliyezisimamia alikuwa mwanamke wa makamo, Mzapoteki wa Santiago Matatlán, mji mdogo wa bonde la Tlacolula ambao watu wake wengi huishi kwa kutengeneza meskali, kileo mashuhuri cha nchi ile. Nilimwomba mpwa wangu amweleze kwamba dini yangu imeharimisha ulevi, lakini haikuharimisha maarifa, na kwamba ningefurahi kusikia habari za rafu ile kama yeye hataona ni usumbufu. Bibi yule alitikisa kichwa kwa upole, akaniletea bilauri ya maji ya ukwaju yenye barafu. Nami nilipoonja nilifarijika kwa namna isiyo ya kiu peke yake, kwa maana mkwaju ni mti wa Afrika ya joto, nao ulivuka bahari kwenda kule hata watu wa Meksiko leo hawawezi kuwaza karamu bila maji yake.

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia, akielekeza kidole kwenye rafu, "hapa hakuna aliye mgeni kwako. Hawa wote ni jamaa za mkonge."

Bibi alianza kuwataja, mmoja baada ya mmoja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayewatambulisha wazee wa nyumba. Kuna espadín, ulioenea kuliko wote, unaokaa shambani miaka 6 hadi 8 kabla haujafaa. Kuna tobalá, mdogo wa umbo, anayependa vivuli vya miambani, ambaye huchukua miaka 10 na zaidi. Kuna tepeztate, mwenye majani mapana yaliyopinda, anayeshikilia magenge ambako mbuzi huogopa kupita, naye huweza kukaa miaka 20 na ushei kabla ya kukomaa. Mimi niliyezoea shamba ambalo jani hukatwa mara lifikapo kipimo, na mmea ukakatwa tena na tena hata uchoke, nilistaajabia subira ile ya mtu kupanda leo kitu ambacho huenda atakayekivuna ni mwanawe.

Niliuliza jina la kitaalamu la espadín. Mpwa wangu akasema, "Agave angustifolia." Hapo niliweka bilauri chini, maana jina lile lilikuwa limekwisha kupita masikioni mwangu miaka mingi kabla, katika mashamba ya nyumbani. Watu waliofanya kazi ya mkonge Tanga wanaijua namba 11648, namba ya chotara aliyepatikana Tanganyika katika kazi ya utafiti iliyoanzia Amani juu ya milima ya Usambara, ikaendelezwa Mlingano karibu na Ngomeni. Naye alipatikana kwa kuuvusha mkonge uitwao amaniensis na huu angustifolia, kisha kizazi chao kikavushwa tena na amaniensis. Chotara huyo alizaa majani mengi kupita mkonge uliotangulia, akaenea mashambani kwetu, akafika hata China. Kwa hesabu ya wazazi, basi, robo ya nasaba yake ni ya mmea ule ule ulioandikwa kwenye chupa zilizokuwa mbele yangu. Mpwa wangu alipomfasiria bibi habari hizi, yeye alicheka kwa furaha, akanishika mkono juu ya meza kama tunavyoshikana mikono sisi tukigundua kwamba bibi wa huyu na babu wa yule walitoka tumbo moja.

Kisha alitueleza jinsi kazi inavyofanywa kwao. Mmea ukomaapo hunyolewa majani yote kwa panga na wembe mpana wa mpini mrefu, ukabaki moyo wake, donge zito la rangi nyeupe lenye alama za mashina ya majani. Huchimbwa shimo la mviringo, likawashwa moto wa magogo, na juu ya moto hupangwa mawe mpaka yawe mekundu. Juu ya mawe hupangwa mioyo, juu ya mioyo makapi na mikeka, na juu ya yote udongo, pasipo kuacha tundu la moshi. Hukaa hivyo siku tatu, nne, hata tano. Itokapo imekuwa ya hudhurungi na tamu. Husagwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi akizunguka, ikaachwa iumuke katika mapipa ya mbao, ndipo itiwe mtamboni. Yaliyo baada ya kuumuka si yangu kuyasifu. Lakini katika habari ya shimo bibi alinyamaza, akaingia jikoni, akarudi na kisahani chenye vipande vya moyo uliookwa, ambao kwa hali ile ni chakula tu, nao huuzwa sokoni kwa watoto na wakubwa.

Nilichukua kipande nikakitafuna. Utamu wake ulikuwa mzito, una moshi ndani yake na uchachu kidogo mwishoni, nami nilikitafuna kama mtu atafunavyo muwa, nikinyonya maji yake hata yakaisha. Na yalipoisha kilichobaki kinywani mwangu kilikuwa nyuzi. Nilizitoa, nikazinyosha juu ya kisahani kwa kidole, nikazitazama muda mrefu. Zilikuwa nyuzi zile zile, fupi zaidi na laini zaidi, za jamaa ya zile ambazo kwa ajili yake ardhi ya Tanga ilifyekwa, reli ikapakia, meli zikaja, na watu wakahama makwao. Wenyeji wa nchi ile hutema walichokitaka walowezi wa kwetu, na walowezi wa kwetu walimwaga mitoni yote yasiyokuwa nyuzi; maana katika uzito wa jani zima la mkonge katani haizidi sana sehemu 4 kwa 100, na yaliyobaki mashine ya korona huyakwangua ikayatupa.

Safari ya mmea ule kuja kwetu ni ya kusikitisha ikitazamwa vizuri. Henry Perrine, konseli wa Marekani huko Campeche, aliuchukua kutoka rasi ya Yucatán akaupeleka Florida katika miaka ya 1830. Na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, akitafuta zao litakalostahimili ukame wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, vikazungushwa mpaka Hamburg, na vilipofika Tanga vilivyokuwa hai ni 62. Watu husimulia idadi ile kwa kustaajabia ustahimilivu wa mmea, na mimi nimeisikia mara nyingi ikisimuliwa hivyo. Darini pale niliiona kwa sura nyingine. Vitoto 62 vilifika, lakini hakufika mtu hata mmoja katika wale waliokuwa wakijua kwamba mmea huu una moyo unaoliwa, kwamba ukamuliwapo kwa wakati wake hutoa maji matamu, kwamba Wanahua waliupa hadhi ya kuwa na mungu wake wa kike, Mayahuel, na kwamba hauna haja ya kukatwa majani kila mwaka. Bibi alisema kwao wazee huacha baadhi ya mimea itoe mlingoti na kuchanua, kwa ajili ya popo wanaokuja usiku kunywa asali ya maua na kuchukua mbelewele. Sisi milingoti tuliijengea vibanda. Elimu yote hiyo ilibaki Meksiko. Kilichosafiri ni mmea na tamaa ya faida.

Wala sidai kwamba kwao mmea ule haukuwa na machozi. Katika Yucatán, ambako ndugu wa mkonge wetu aitwaye henekeni alilimwa kwa ajili ya kamba za dunia na kupakiwa katika bandari ndogo ya Sisal, wenye mashamba walijijengea majumba ya kifalme mjini Mérida na hali Wamaya waliowalimia walifungwa kwa madeni yasiyolipika. Na katika utawala wa Porfirio Díaz maelfu ya Wayaki waling'olewa kaskazini, Sonora, wakapelekwa huko kwa nguvu, wengi wao wasirudi. Nilipomsikiliza mpwa wangu akiyafasiri haya niliwaona manamba wa utotoni mwangu, watu wa Ubena na Songea, wa Kigoma, wa Ruanda-Urundi na Msumbiji, waliokuja na bahasha moja ya nguo, wakafunga majani thelathini thelathini tangu kabla ya jua, wakangojea kipande chao kijae siku za kazi ndipo walipwe. Wengine walizikwa kambini. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikasifiwa kuwa ya kwanza duniani, nami naamini kila tani katika hizo ilistahili kuandikwa, kama zile chupa, jina la kijiji na jina la mtu.

Magharibi ilipowadia niliteremka chumbani, nikaelekea kaskazini mashariki kulikokuwa na kibla, nikaswali. Niliporudi mishumaa imekwisha kuwashwa, na meza imeandaliwa maakuli. Tlayuda ni mkate mpana wa mahindi uliokaushwa juu ya kikaango cha udongo, ukapakwa maharage meusi, ukatiwa jibini ya nyuzinyuzi na pilipili. Na kando yake uliletwa mchanganyiko wa panzi waliokaangwa kwa ndimu, kitunguu saumu na chumvi, ambao nilikula bila wasiwasi, kwa kuwa nzige ni halali na panzi ni wa jamaa yake, na kwa kuwa niliishi Bukoba nikajifunza kuheshimu senene. Lakini mkate ndio ulionishika. Mahindi ya nchi ile hayasagwi makavu. Huchemshwa kwanza na chokaa, yakalala ndani yake usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yasagwe mabichi. Na chokaa hiyo, ambayo watu wa pwani twaijua kwa tambuu, hufungua ndani ya punje kirutubishi ambacho bila hiyo mwili wa mwanadamu haukipati. Mahindi yalipokwenda Italia na kusini mwa Marekani pasipo chokaa, maskini waliokula mahindi na mahindi tu waliugua pelagra, ngozi ikachubuka, akili ikavurugika, wakafa kwa maelfu, na matabibu wakahangaika vizazi kadhaa kutafuta sababu, hali wanawake wa milima hii wangaliweza kuwaambia. Katika mapango ya karibu na Mitla, mwendo wa saa moja hivi kutoka mezani petu, yalipatikana magunzi ya mahindi yenye umri wa miaka zaidi ya 6,000. Umri huo wote watu hawakulima tu. Walikuwa wakijifunza kula.

Usiku ulipokuwa umekaa vizuri mpwa wangu alinionyesha, nyuma ya kanisa la Santo Domingo, kiza kipana kisichokuwa na taa. Ilikuwa bustani. Jeshi lilikaa katika uwanja ule wa watawa kwa zaidi ya karne nzima, na lilipoondoka katika miaka ya 1990 palitajwa mipango ya hoteli ya anasa na maegesho ya magari. Mchoraji Francisco Toledo pamoja na wenziwe walisimama kuipinga, na mahali pale pakapandwa mimea ya Oaxaca, ya majangwani na ya misituni, kila mmea pamoja na habari za watu wanaoutumia. Niliizuru asubuhi yake, nikaiona mikonge ya aina nisizozijua majina. Laiti Korogwe nayo ingekuwa na uwanja wa namna hiyo, wenye mkonge, korona moja iliyokufa, na majina ya manamba!

Mzee mmoja wa meza ya pili, aliyesikia kwamba tumetoka Afrika, alisogeza kiti, akanyosha mkono kusini magharibi, akasema kwamba huko, si mbali, ni Cuilapan, na katika nyumba ya watawa ya mahali pale ndiko alikopigwa risasi Vicente Guerrero tarehe 14 Februari 1831. Alilitaja jina lile kwa heshima, akaniangalia usoni kuona kama nalijua. Nililijua. Guerrero alikuwa na damu ya Kiafrika, akapigania uhuru wa Meksiko toka Hispania, akawa rais mwaka 1829, na katika mwaka huo huo akapiga marufuku utumwa. Kwetu, soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tuliongea naye mpaka kahawa ikapoa, yeye akieleza habari za vijiji vya watu weusi katika pwani ya Costa Chica, mimi nikieleza habari za pwani yetu, na mpwa wangu akifasiri huku na huku pasipo kuchoka.

Saa nne bibi alianza kufunga kazi yake. Alituuliza kama kesho tuna safari, nasi tukamwambia hatuna. Basi alichukua kipande cha karatasi, akaandika njia ya kwenda Matatlán na alama ya nyumba ya babaye, akasema shimo lao lilifukiwa siku ya tatu iliyopita na litafunuliwa kesho kabla ya adhuhuri. Twende mapema, tusivae nguo nyeupe, na mimi niandike kwa herufi kubwa ile namba ya chotara wa Tanga, maana mzee wake hatakubali kuambiwa kwa mdomo kwamba espadín ana wajukuu Afrika mpaka aone kwa maandishi. Niliandika 11648, na chini yake nikaandika Amani, na Mlingano, na Ngomeni.